Kutawanyika kwa Mwanga na Ukungu wa Mtoto wa Jicho

Mgonjwa anasoma vizuri herufi za chati katika chumba cha uchunguzi, lakini analalamika kwamba usiku taa za magari humpofusha, na kila taa huzungukwa na duara la ukungu. Je, malalamiko hayo yaaminiwe? Fizikia ya mwanga inatufundisha kwamba huenda ni dalili ya kweli ya mtoto wa jicho.

Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700. Wimbi hilo likikutana na punje isiyopitisha umeme, kama vile protini, huzitikisa chaji zilizofungwa ndani ya punje hiyo. Chaji zinazotikisika hutoa mwanga kuelekea pande mbalimbali. Huko ndiko kutawanyika kwa mwanga. Hutokea pale ambapo punje hupinda mwanga kwa kiwango tofauti na kile cha majimaji yanayoizunguka.

Kwa punje zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, kanuni yake ilianza kuelezwa na mwanafizikia Mwingereza Rayleigh mwaka 1871. Kipenyo cha punje kikiongezeka maradufu, mwanga unaotawanywa huongezeka mara 64. Kwa hiyo, punje 8 zikiungana kuwa moja yenye kipenyo maradufu, kiasi cha protini hubaki kilekile, lakini mwanga unaotawanywa huwa mara 8 ya ule wa punje zote 8 zilipokuwa mbalimbali. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alitoa hesabu inayofaa kwa punje za mviringo za ukubwa wowote. Hesabu hiyo huonesha kwamba punje inayokaribia urefu wa wimbi, au kuuzidi, hutawanya mwanga zaidi kuelekea mbele.

Lenzi ya jicho imejaa protini ziitwazo kristalini, ambazo ni takriban theluthi moja ya uzito wake. Lenzi yenye afya hupitisha mwanga kwa sababu protini hizo ni ndogo na zimesongamana kwa mpangilio, hata mawimbi yanayotawanywa nazo kwa sehemu kubwa hufutana. Protini za kiini cha lenzi hazifanywi upya. Kadiri umri unavyosonga, huharibika na kushikamana kuwa mabonge. Mpangilio huvurugika, mwanga hutawanyika, na ukungu huanza.

Hapa mhudumu wa afya azingatie jambo moja. Anapomulika jicho, yeye huuona mwanga uliotawanywa kurudi nyuma, kumwelekea. Kinachomsumbua mgonjwa ni mwanga uliotawanywa kuelekea mbele, ukatandaza weupe juu ya retina. Viwango hivyo viwili si lazima vilingane. Tena, chumba cha uchunguzi hakina taa kali inayomkabili mgonjwa, hivyo chati peke yake yaweza kuficha tatizo. Basi aulizwe: Je, unaonaje unapokabiliwa na jua au taa za gari? Je, umeacha kutembea usiku?

Kwa mgonjwa, somo ni hili: ukungu huo umo ndani ya lenzi yenyewe, wala si uchafu juu ya jicho unaoweza kuoshwa. Hadi sasa hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuyeyusha mabonge hayo kwa binadamu. Tiba ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia. Usitie jichoni dawa usiyoijua, wala usingoje upofu ukamilike ndipo uende hospitali. Na mtoto mchanga akionekana na weupe ndani ya mboni, apelekwe kwa mtaalamu wa macho bila kukawia, kwa kuwa weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina.