Mabaka ya viwikoni si uchawi

SWALI: Daktari, mimi huchuna majani chai hapa Magwagwa. Viwiko na magoti yangu yana mabaka mazito yenye magamba meupe. Majirani wanasema nimerogwa. Je, nitawaambukiza wanangu?

JIBU: Hapana, dada. Hujarogwa, na hata mkilala kitanda kimoja hutawaambukiza. Maelezo yako yanafanana sana na soriasisi, ingawa ni lazima upimwe ana kwa ana. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili huisukuma ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache badala ya takriban mwezi mzima. Seli hurundikana, ndiyo hayo magamba. Mwelekeo wa kuupata hurithiwa, lakini watoto wengi wenye mzazi mgonjwa hawaupati.

Chunguza kinachouamsha. Ukikwaruzwa na matawi ya michai, baka jipya laweza kuota palepale siku 10 hadi 20 baadaye. Koo lenye maambukizi, msongo wa mawazo, pombe, sigara na baadhi ya dawa za presha huuchochea pia. Virusi vya Ukimwi huuzidisha, kwa hiyo kapime. Na tafadhali, zile krimu kali za sokoni usizinunue: ukiziacha ghafla, mabaka hurudi kwa kishindo. Nenda hospitali ya kaunti, Nyamira, uombe rufaa ya kumwona daktari wa ngozi.