Mtoto Asiyesikia na Kuanguka-anguka

Wazazi wengine hushangaa kuona mtoto wao asiyesikia amechelewa kutembea au huanguka ovyo. Si uvivu. Ndani ya sikio, jirani na kiungo cha kusikia, kipo kingine kinachousaidia mwili usiyumbe. Homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, huweza kuviharibu vyote viwili. Hapo mtoto hutegemea macho, nyayo na misuli. Ndiyo maana gizani huyumba zaidi.

Tumsaidie kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na nyonga. Mkekani apige magoti na kuweka viganja chini, kisha anyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto. Mhesabieni kwa vidole hadi 5, abadilishe. Halafu alale chali, akunje magoti, ainue kiuno. Mara 5 zatosha mwanzoni. Kaeni mbele yake na kumwonyesha kwanza. Kumwelekeza kwa sauti kutoka nyuma ni kazi bure. Akiumia, aache.

Mazoezi hayarudishi usikivu. Na mtoni au ziwani msimwache peke yake hata akijua kuogelea: ndani ya maji ya matope aweza asijue juu ni wapi.