Itoe jasho kwanza, ndipo utoe dola

Wadogo zangu, juzi kijana mmoja wa Ndosho, hapa Goma, aliniandikia mimi Yaya wenu. Amecheza likelemba, ule upatu wa zamu, mwaka mzima, zamu yake imefika, na mkononi ana dola 1,100. Komisioneri, yaani dalali, wa Birere amemwonyesha laptopu ya gemu yenye kadi ya RTX 4060, okazio (imeshatumika) lakini "safi kabisa, haijamaliza hata miezi sita", kwa dola 950. Anauliza: "Yaya, niichukue au niache?"

Mdogo wangu, kwa 950 iache ikae pale dukani kidogo. Haitakimbia. Mwaka 2024 huko Marekani laptopu mpya zenye kadi hiyo zilikuwa zikiuzwa chini ya dola 1,000. Ukiongeza usafiri, ushuru wa duane na faida ya mwenye duka, mpya ikifika Goma itapita hapo, sawa. Lakini hiyo yako ni okazio. Tena tangu Machi 2025 laptopu za RTX 50 ziko sokoni, kwa hiyo anayepaswa kubembeleza sasa ni mwenye 4060, si wewe. Mimi ningeanzia 700 na nisingevuka 780. Na hapo bado hatujajua kama inastahili hata hizo.

Maana umenitajia kadi, umenitajia RAM, umenitajia hadi taa za kibodi zinazobadilika rangi. Hukunitajia wati. NVIDIA inawaachia watengenezaji wa laptopu uhuru wa kuilisha 4060 kuanzia wati 35 hadi 115. Stika ni ile ile, jina ni lile lile. Chukua majiko mawili yanayofanana: moja limetiwa makaa kopo moja, jingine limejazwa mpaka juu. Sombe ya nani itaiva kwanza? Ndiyo maana ile laptopu nyembamba inayoingia kwenye begi la shule inaweza kushindwa na dada yake mnene mwenye kadi ya chini zaidi. Fungua paneli ya NVIDIA, nenda kwenye taarifa za mfumo, utaona mstari wa nguvu ya juu kabisa ya kadi. Muuzaji akikuambia haijui namba hiyo, usimkasirikie, wengi hawaijui kweli. Isome wewe.

Sasa niwaambie na aibu yangu. Mimi mwenyewe, na ujuaji wangu wote, nililiwa mchana kweupe. Nilikuwa namnunulia mdogo wangu wa tumbo moja. Duka safi, muuzaji ana adabu, soda juu ya meza. Tulipofika nyumbani mashini ikawaka vizuri, kijana akafungua gemu yake ya mpira. Dakika kumi na tano hivi, wachezaji wakaanza kukimbia kama wako kwenye tope la Aprili. Nikatazama pembeni ya skrini: betri asilimia 71. Baada ya muda, 64. Na waya ulikuwa umechomekwa ukutani! Nikaligeuza lile tofali la sharja, nikasoma maandishi madogo kama chawa: 20V, 6A. Nikaigeuza laptopu yenyewe, chini yake: 20V, 11.5A. Zidisheni wenyewe. Mashini ilitaka wati 230, sharja inatoa 120. Plagi iliingia bila shida yoyote, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Sharja ya asili nilikuja kuitafuta peke yake, na bei yake ilimeza chote nilichodhani nimeokoa.

Tangu siku hiyo siendi kununua mashini mikono mitupu. Naenda na fulashi yenye programu mbili za bure, GPU-Z na FurMark, kwa sababu kuzipakua pale dukani ni kuchoma mega zako bure. Naenda asubuhi, siku ambayo kuna umeme wa uhakika, si ule wa jenereta unaopanda na kushuka. FurMark inaisukuma kadi mpaka mwisho, GPU-Z inakuonyesha inakula wati ngapi na ina joto gani. Kaa nusu saa. Muuzaji atakuambia dakika tano zinatosha. Hazitoshi, laptopu mbovu hujua kuvumilia dakika tano. Ukiona wati zinaanza 100 halafu zinaporomoka hadi 50 na feni zinapiga kelele kama ndege inayotafuta uwanja, umeshapata jibu.

Halafu washa tochi ya simu uchungulie matundu ya hewa. Mji wetu umekaa juu ya lava, ile ya Januari 2002 ilipita katikati kabisa, na vumbi lake jeusi mnalijua, hata nguo iliyoanikwa halisahau. Vumbi hilo likishaingia kwenye feni linasaga polepole. Kulikuta si sababu ya kukimbia, usafi unafanyika. Ila laptopu inayosemwa ina miezi sita haiwezi kuwa na zulia zima mle ndani. Hapo unajua umri umepunguzwa, na wewe punguza bei.

Betri nayo ina ulimi wake. Kwenye dirisha la amri andika powercfg /batteryreport, itakupa uwezo iliozaliwa nao na uwezo ilionao leo. Na iwashe upya mbele yako, uingie kwenye BIOS. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, au Windows ikikutajia kampuni fulani kwamba ndiyo mwenye mashini, irudishe mezani taratibu uage. Hiyo ina mwenyewe.

Mnaniuliza pia kuhusu kuvuka. Gisenyi ni hatua chache tu, lakini TVA ya kawaida ya Rwanda ni asilimia 18, na ukirudi mpakani kuna duane. Za Kampala hali ni hiyo hiyo, ukiongeza safari. Dubai wanatoza asilimia 5 tu, ndiyo maana wafanyabiashara wengi huchota huko, lakini garanti ya duka la Dubai inakusaidia nini wewe wa Ndosho? Mashini ipande ndege tena? Mimi, kwa tofauti ya dola 60, nachagua muuzaji wa hapa hapa anayeandika fakti yenye namba ya seria na kukubali kwa mkono wake siku kumi za kurudisha. Na kibodi ikiwa QWERTY, hata ikiwa na herufi za Kiarabu pembeni, kwa gemu haina kasoro. W, A, S na D ndizo zinazokimbiza mchezaji. Lia kidogo kwamba shuleni ulizoea AZERTY, upunguziwe.

Kuhusu pesa yenyewe. Tangu benki zifunge milango hapa mjini Januari 2025, akiba za wengi wetu ziko kwenye simu, na kuzitoa kuna komisheni. Mkubaliane mapema nani anaibeba. Ukilipa taslimu, kagua noti zako nyumbani: yenye mpasuko wa milimita mbili tu itakataliwa, na mapatano yote yataanza upya.

Na usiimalize hiyo 1,100. Kwa gemu, betri ya laptopu hizi haikufikishi mbali, na ukichomoa waya kadi yenyewe inapunguza nguvu. Kwa hiyo umeme ndio mchezo. Ndosho mna bahati, mtambo wa jua wa Nuru wa megawati 1.3 uko kwenu tangu 2020. Mashini ya wati 230 ikichezwa saa nne inakula karibu uniti moja nzima, na anayelipa, kama sikosei, ni mama. Mwambie kabla hujanunua. Tenga kitu cha stabilizateri pia, kabla ya vipokea sauti vyenye taa.

Jumamosi ukienda Birere, geuza sharja kwanza, halafu geuza laptopu. Nitumie picha za hizo stika mbili kabla hujamwambia komisioneri neno lolote. Nitakuwa macho.