SOMO LA USALAMA KAZINI: LEHEMU, MOSHI NA MIKONO



Mafundi wengi wa redio na simu hunywa maziwa baada ya kazi, wakiamini kuwa yanasafisha sumu ya risasi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi risasi iliyokwisha ingia mwilini. Tujifunze inaingiaje, ili tuizuie mlangoni.

Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati sehemu 60 na risasi sehemu 40. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Sentigredi. Chuma cha kulehemu huwa na nyuzi 300 hadi 400 hivi, na kwa joto hilo risasi haitoi mvuke mwingi. Ule moshi mweupe ni wa dawa iliyomo ndani ya waya, itokanayo na utomvu wa msonobari. Huwasha macho, hubana kifua, na huweza kuleta pumu.

Risasi yenyewe hupitia mikononi. Hushika vidole, ikaenda kwenye mkate na sigara, kisha tumboni. Hudhuru damu, figo na mishipa ya fahamu. Ikifika nyumbani katika nguo, watoto ndio huumia zaidi.

Kwa hiyo:

1. Chuma cha moto kikae kwenye stendi yake.
2. Usiinamie moshi. Fungua madirisha, feni iuvute nje, isiupulize usoni mwa mwenzako.
3. Usishike waya wa lehemu kwa meno.
4. Usile wala kuvuta sigara mezani pa kazi. Nawa kwanza kwa sabuni.
5. Usifagie vumbi kavu. Futa kwa kitambaa kibichi.
6. Usiyeyushe risasi ya betri kuukuu kwa tochi ya gesi. Joto likizidi, risasi hutoa mvuke wa sumu. Nalo tone la maji likiingia ndani yake hulipuka na kukurushia risasi usoni.

Mwajiri asigawe maziwa akadhani amemaliza wajibu. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Je, karakana yetu ina maji na sabuni karibu na meza?
(b) Nani hununua sabuni hiyo?
(c) Ni wangapi kati yetu wamepimwa risasi katika damu?

Majibu yaandikwe, yapelekwe kwa mwajiri.