Uoni hafifu si upofu

Kwetu Ryansoro nasikia mtoto akiitwa kipofu na huku bado anaona. Anayeona, lakini hata kwa miwani inayomfaa hasomi toka mita 6 herufi ambazo wengine huzisoma toka mita 18, ana uoni hafifu.

Huko Nakuru, Kenya, watafiti walipima macho kwa simu, programu ya Peek Acuity. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalikaribiana na ya chati ya kawaida. Lakini kupima ni mwanzo. Mwenye ualbino, miwani humsaidia kiasi tu. Akisogeza kitabu kutoka sentimita 24 hadi 12, herufi humjia maradufu. Mwalimu asimkataze, macho hayaharibiki. Lenzi ya kukuzia ya dayopta 20 ishikwe sentimita 5 juu ya ukurasa. Wengi huishika mbali mno, kisha huiacha kabatini.