Hospitali Inayofundisha: Kazi Yake na Njia ya Kuifikia

Mtu akaaye Kalimoni, katika sehemu ya Juja iliyo kati ya Ruiru na Thika, amewekwa katikati ya hospitali mbili kubwa za serikali. Akiifuata barabara kuu kwenda upande wa kaskazini, atafika Thika, penye Hospitali ya Ngazi ya Tano ambayo wenyeji wengi wangali wakiikumbuka kwa jina la hospitali ya wilaya. Akielekea kusini, akapita Ruiru, atafika Kahawa, na huko ataiona Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yenye vitanda 650, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019.

Hospitali zote mbili hutibu, na zote mbili hufundisha. Lakini kazi zao si moja, na njia ya kuzifikia si moja. Watu wengi hawaijui tofauti hiyo, na kutojua huko huwapotezea siku, huwapotezea fedha, na pengine huwapotezea uhai. Katika somo hili tutaeleza mambo hayo kwa utaratibu.

NGAZI SITA ZA MATIBABU

Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kama ngazi ya kupandia ghorofani, nayo ina vidato sita. Kidato cha kwanza ni kijijini kwenyewe, ambako wahamasishaji wa afya huzunguka nyumba kwa nyumba. Cha pili ni zahanati, na cha tatu ni kituo cha afya. Cha nne ni hospitali ya kaunti ndogo. Cha tano ni hospitali kubwa ya kaunti, kama ile ya Thika. Cha sita ni hospitali za rufaa za taifa zima, kama Kenyatta ya Nairobi, Moi ya Eldoret, na hiyo ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tangu mwaka 2013, kwa kufuata Katiba ya mwaka 2010, ngazi tano za kwanza zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na ngazi ya sita imebaki mikononi mwa serikali ya taifa. Hospitali za misheni na za watu binafsi nazo hupewa ngazi kwa kadiri ya huduma zao.

Sababu ya mpango huu ni nyepesi kufahamika. Mashine kubwa ni ghali, na madaktari bingwa ni wachache. Haiwezekani kuviweka katika kila kijiji. Kwa hiyo vimewekwa mahali pachache, na wagonjwa wanaovihitaji kweli hupelekwa huko. Mwenye mafua akienda moja kwa moja ngazi ya sita, atangoja siku nzima kwa dawa ambayo angeipata zahanati kwa muda mfupi, naye atakuwa ameketi mahali pa mtu ambaye maradhi yake hayawezi kutibiwa pengine.

MFANO WA UVIMBE MDOGO

Tuchukue mfano wa mama mmoja mchuma kahawa, ambaye tumemtunga kwa ajili ya somo hili. Jioni moja akioga, mkono wake wagusa uvimbe mdogo katika titi, mgumu kama punje ya mahindi. Hauumi hata kidogo. Jirani yake amwambia, "Ngoja tu, dada. Ukianza kuuma ndipo uende hospitali." Shauri hilo latolewa kwa upendo, lakini ni shauri baya sana. Saratani ya titi, ambayo wengi huiita kansa, mara nyingi haiumi hapo mwanzoni. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na wengi wao hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Si kila uvimbe ni saratani, na wengi sio. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kuutazama tu wala kwa kungoja.

Afanye nini mama huyu? Aende kwanza kituo cha afya kilicho karibu naye. Pale tabibu atampima kwa mkono, naye akiona shaka atamwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali yenye vyombo zaidi. Katika hospitali kubwa ya kaunti kuna vyombo vya kupiga picha ndani ya mwili, kuna maabara, na kuna madaktari wa upasuaji. Huko hutolewa kipande kidogo cha nyama ya ule uvimbe, kikakatwa vipande vyembamba sana na kutazamwa kwa hadubini. Jambo hilo peke yake ndilo litoalo jibu la hakika.

Ikiwa ni saratani, huenda mama akahitaji kupasuliwa, au kupewa dawa kali za kuua saratani, au kuchomwa kwa mionzi, au yote matatu. Mionzi hiyo ni nguvu isiyoonekana kwa macho, itokayo katika mashine ikaua chembe za saratani mahali palipolengwa. Kwa miaka mingi hospitali ya serikali yenye mashine hizo ilikuwa moja tu, ile ya Kenyatta mjini Nairobi, na wagonjwa wa nchi nzima walipanga foleni pale. Sasa hospitali ya Kahawa nayo hutoa matibabu ya mionzi, tena ina mashine za picha ziwezazo kuonyesha mahali saratani ilipoenea mwilini. Basi mama wa Kalimoni hana haja ya kuvuka mji kutafuta matibabu hayo. Lakini yampasa afike mapema, kwa maana mashine iliyo bora kuliko zote haiwezi kurudisha miezi iliyopotea.

KWA NINI WANAFUNZI HUZUNGUKA KITANDA?

Mgonjwa akilazwa katika hospitali inayofundisha, asubuhi ataona kundi la watu waliovaa makoti meupe wakisimama kukizunguka kitanda chake. Mmoja atamwuliza habari za ugonjwa, mwingine atampima tumbo, wa tatu atamwuliza maneno yale yale tena. Wagonjwa wengine huudhika, na wengine huogopa wakidhani kwamba wanafanyiwa majaribio. Hofu hiyo haina msingi, nasi tutaeleza sababu.

Desturi hii ni ya kale sana. Habari za zamani zasimulia kwamba tabibu mashuhuri al-Razi, aliyefanya kazi katika miji ya Rayy na Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alikuwa akiketi na wanafunzi wake wakiwa safu mbele ya safu. Mgonjwa akija, alisema kwanza na safu ya mbali. Wakishindwa, alipelekwa kwa safu iliyofuata, na wote wakishindwa, al-Razi mwenyewe alisema. Hivyo kila mmoja alijifunza, na mgonjwa hakukosa kufika kwa mwalimu.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo ilianzia Mulago na Makerere, nchini Uganda, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924. Kenya haikuwa na shule yake ya madaktari mpaka mwaka 1967, ilipoanzishwa katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakijifunza kazi katika Hospitali ya Kenyatta. Leo mtu atakaye kuwa daktari nchini husoma miaka sita, kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kutibu peke yake. Mjini Thika kuna Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, na pia Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ambavyo wanafunzi wao huhitaji wodi za kujifunzia.

Mgonjwa hupata faida katika jambo hili. Mwanafunzi ana wakati wa kusikiliza, na mara nyingine husikia neno ambalo wenye haraka hawakulisikia. Tena kila analolisema mwanafunzi husahihishwa na mwalimu wake hapo hapo, hata ugonjwa ukatazamwa na watu wengi badala ya mmoja. Na tusisahau kwamba daktari atakayewatibu watoto wetu miaka ishirini ijayo hawezi kujifunza kazi yake kwa kusoma vitabu tu.

HAKI YA MGONJWA

Hata hivyo, mwili wa mgonjwa ni wake mwenyewe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema kwamba mtu asitibiwe bila ya kuelezwa na kukubali, isipokuwa katika mambo maalumu yaliyotajwa na sheria. Basi mgonjwa aweza kumwuliza kila anayemkaribia, "Wewe ni nani, na wataka kufanya nini?" Aweza kusema kwa adabu kwamba hataki kupimwa na wanafunzi, wala asinyimwe matibabu kwa sababu hiyo. Na kama kuna utafiti unaofanywa, ni lazima aelezwe wazi kabla ya kuulizwa kama anakubali kuingia.

BARUA, VITAMBULISHO NA MALIPO

Barua ya rufaa ni kama daraja baina ya ngazi moja na nyingine. Kabla ya kuondoka nayo, hakikisha kwamba ina jina lako na umri wako, maelezo ya ugonjwa, dawa ulizokwisha kupewa, majibu ya vipimo, sababu ya kutumwa, na saini ya aliyeiandika. Chukua pia picha ulizopigwa, dawa unazotumia, na kitambulisho chako. Barua njema humwepusha mgonjwa na kurudia vipimo vile vile kwa gharama mpya.

Kuhusu malipo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua mahali pa ile bima ya zamani ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, wala mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Yafaa kujiandikisha ukiwa mzima, kwa maana siku ya ugonjwa si siku ya kuanza kutafuta karatasi.

WAKATI WA HATARI

Yote tuliyosema juu ya ngazi na barua hayamhusu mtu aliye katika hatari ya kufa. Aliyegongwa na gari, mama mzazi anayevuja damu, mtoto anayeshindwa kupumua: hao wapelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu iwezayo kuwasaidia, bila ya kungoja barua. Katiba, kifungu cha 43, yasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Msomaji, ukifika mwisho wa somo hili, lieleze kwa mwenzako asiyelisoma. Pengine katika nyumba ya jirani yako kuna mtu aliyegusa uvimbe usiouma, naye anangoja uume.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ni kipi, na hufunguliwa siku zipi?
2. Kwa nini si vema mwenye ugonjwa mdogo kwenda moja kwa moja katika hospitali ya ngazi ya sita?
3. Mwambie mwenzako mambo matano yanayotakiwa kuandikwa katika barua ya rufaa.
4. Je, ungekubali kupimwa na mwanafunzi? Toa sababu zako.