Tangi Dogo la Samaki wa Makombe wa Ziwa Tanganyika

Tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lenye ujazo wa lita 54, ni dogo kwa samaki wengi wanaouzwa madukani, wakiwemo wale ambao muuzaji huapa kwamba hawakui. Samaki wa dhahabu hulichafua mapema, na pleko anayenunuliwa akiwa na urefu wa kidole huweza kupita sentimita 30. Kwa siklidi wa makombe wa Ziwa Tanganyika, hata hivyo, tangi hilo ni mtaa mzima. Anayefaa zaidi ni Neolamprologus multifasciatus, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1906. Dume hufika kama sentimita 4.5, jike 3 au zaidi kidogo. Makao yake ziwani ni makombe matupu ya konokono Neothauma tanganyicense, ambaye haishi kwingine isipokuwa katika ziwa hilo. Sokoni Kigoma, kwenye migebuka, kuhe na dagaa, samaki wa kimo hicho hana mteja. Thamani yake huanza akishaingia kwenye kioo.

Upangaji una hatua nne: maji, mawe, mchanga na makombe. Tatu za kwanza hazina maneno mengi.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali, pH yake ikikaribia 9. Katika tangi, 8 hadi 9 inatosha, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Maji laini, kama ya bomba la Nairobi au ya mvua, huhitaji kuongezewa ugumu, na kokoto za matumbawe ndani ya kichujio husaidia kazi hiyo. Jambo moja halina mjadala: kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa sumu kali. Kwa hiyo chujio la sponji lazima liwe limekwisha kukomaa kabla samaki hawajaingia. Muuzaji anayeuza tangi na samaki siku hiyohiyo anauza msiba.

Mawe hukaa juu ya kioo chenyewe, si juu ya mchanga, kwa sababu samaki hawa ni wachimbaji na jiwe lililochimbwa chini huanguka. Tone la siki huonyesha aina ya jiwe: likitoa povu, lina chokaa. Chokaa hiyo ingeharibu maji ya tetra wa Amazon, ila hapa ni neema. Magogo ya mapambo hayafai, kwani hutoa tindikali. Kokoto za rangi na makasri ya plastiki yanayosukumwa kwa wanunuzi kama mapambo ya siklidi ni takataka tu, maana samaki hawezi kubeba kokoto mdomoni. Mchanga laini wa unene wa sentimita tano au zaidi ndio unaotakiwa.

Makombe ndiyo yanayoamua kama tangi litaishi. Ya Neothauma ni bora, lakini si rahisi kuyapata mbali na ziwa. Ya konokono wakubwa wa shambani, yakiokotwa yangali madogo, hufaa ingawa ni membamba. Hayaliwi na maji yenye alkali. Kinachotazamwa ni mdomo wa kombe, ambao uwe na upana wa kama sentimita mbili, na tumbo lake, ambalo lisibanike ghafla. Makombe marefu ya baharini yenye ncha kali ni mtego: samaki huingia kwa fujo akifukuzwa, akakwama kwenye msokoto. Yaliyotoka kwenye shamba lililowekwa sumu ya konokono hayafai hata yakichemshwa.

Baada ya kuchemshwa, makombe hulowekwa kwenye ndoo safi kwa siku kadhaa, kisha maji yananuswa. Yakinuka, kuna nyama iliyobaki ndani ya msokoto, na ndani ya tangi nyama hiyo itakuwa amonia. Inayofuata ndiyo siri ambayo maduka hayaitaji. Kila kombe huzamishwa mdomo ukiwa juu, likazungushwa polepole upande huu na ule mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Hewa ikinasa kwenye ncha, kombe huinuka na kupinduka usiku, na mwenye nyumba hulikimbia. Yakishatoka hewa, hutupwa kwa lundo, angalau matatu kwa kila samaki. Hakuna haja ya kuyapamba. Jike atabeba mchanga funda kwa funda, autemee kando, achimbe chini ya kombe upande mmoja hadi liegemee atakavyo na mdomo ubaki sawa na sakafu. Binadamu akilirekebisha, jike huanza upya.

Samaki hununuliwa wakiwa wadogo, sita hadi kumi, kwa kuwa jinsia haitambuliki mapema. Dume na majike hujipanga wenyewe. Majirani ni wachache. Lamprologus ocellatus naye ni wa makombe, lakini hutaka yaliyotawanyika na hutetea eneo lake kwa ukali, hivyo apewe tangi lake. Synodontis wa ziwa hilohilo hula vifaranga usiku. Mbuna wa Ziwa Malawi, wanaochanganywa na hawa kwenye tangi moja la dukani lililoandikwa “siklidi wa Afrika”, ni wakubwa mno na wagomvi mno. Mmea wa Vallisneria, unaoota ziwani kwenyewe, huvumilia maji haya ila hung'olewa ukiwa karibu na lundo. Mmea wa Anubias uliofungwa kwenye jiwe hubaki salama.

Mayai hubandikwa ndani ya kombe, na siku moja vifaranga vidogo kama punje za ulezi huonekana kwenye mdomo wa kombe hilo, vikirudi ndani kivuli kikipita. Wazazi hawavifukuzi, kwa hiyo ukoo huongezeka hadi tangi lijae. Kuwapunguza kwa wavu ni bure, maana wote huzama makombeni. Kombe huinuliwa pamoja na aliyemo, likashikwa juu kidogo ya maji ya ndoo mdomo ukielekea chini. Maji yakishachuruzika, samaki huteleza mwenyewe na kutumbukia ndooni. Kutikisa hakusaidii: humfanya ajisokote ndani zaidi.